Hiyo jero unayookoa inatoka mfukoni mwa nani?

Safari ya bodaboda ya kilomita tano, tuseme Sinza hadi Mikocheni hapa Dar. Dereva anataka shilingi 2,000, abiria anang'ang'ania 1,500, mwisho dereva anakubali kwa sababu kijiweni wako kumi na abiria ni mmoja. Abiria anapanda akijiona mjanja, amekata robo nzima ya bei. Sasa tuipige hesabu upande wa pili.

Pikipiki ya CC 125 yenye mtu nyuma, kwenye foleni zetu hizi, huenda kilomita 40 hivi kwa lita. Dereva anakupeleka kilomita tano, na mara nyingi anarudi kijiweni mtupu kilomita nyingine tano. Hapo robo lita imekwenda. EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo bei haitulii. Chukua 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Robo lita ni 750. Kwenye ile 2,000 dereva anabaki na 1,250. Kwenye 1,500 anabaki na 750. Jero uliyopunguziwa haikugusa mafuta hata kidogo, maana sheli hakuna kupatana. Yote imetoka kwenye jasho lake, na kwake hiyo siyo robo, ni asilimia 40. Tena wengi chombo si chao. Kama hesabu ya bosi, yaani hela anayompelekea mwenye pikipiki, ni 8,000 kwa siku, kwa bei ya kwanza safari saba zinaifikisha. Kwa bei ya pili anahitaji kumi na moja. Safari hizo nne za ziada ndizo zinazomfanya ajipenyeze katikati ya malori saa mbili usiku, na wewe uko mgongoni kwake.

Mpaka ninaouona mimi kati ya kubana matumizi na ubahili uko hapo. Anayebana matumizi hujinyima mwenyewe: anaacha, anasubiri, anatembea, anapika nyumbani. Bahili anapata kila anachokitaka, ila gharama anamsukumia mwingine, na karibu kila mara huyo mwingine ana kipato kidogo kuliko chake. Kama 2,000 ni nyingi kwako, daladala zipo. Nauli ya safari isiyozidi kilomita kumi LATRA, wadhibiti wa usafiri wa ardhini, waliipandisha kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023. Utasimama, utabanwa, utachelewa, lakini 1,400 iliyobaki mfukoni umeigharamia wewe kwa miguu na muda wako. Hiyo ni akiba halali kabisa.

Sisemi watu waache kupatana. Dereva akikuona umeshuka stendi na begi kubwa akakutajia 6,000 kwa safari ileile, patana bila aibu. Ila patana kabla hujapanda. Kufika mlangoni ndipo uanze "nina buku tu kaka" ni dhuluma, kwa sababu mafuta yameshaungua na hana pa kuyarudisha.

Sokoni mambo yako wazi zaidi. Punguzo la haki huwa lina kitu ambacho muuzaji anakipata: unachukua nyingi kwa mkupuo, unalipa taslimu, au unamwondolea mzigo unaotaka kumharibikia. Familia tatu za jirani zikichanga zikanunua tenga zima la nyanya Ilala au Mabibo, bei inashuka sana kuliko ya mafungu ya gengeni, na muuzaji naye anafurahi kwa sababu nyanya ni mali isiyolala. Mchele na maharage Tandale ni hivyohivyo, na samaki Feri ukiwahi mnada asubuhi na wenzako wawili mkagawana. Mkaa wa gunia na mkaa wa kopo haufanani bei hata siku moja. Atakayekuita bahili kwa hayo hajui maana ya neno.

Gengeni kwenye fungu la buku, nyongeza moja ni mila, na muuzaji ameshaiweka kwenye mahesabu yake. Kinachomuumiza ni mkono. Mteja anaminya nyanya moja baada ya nyingine kutafuta ngumu, anachukua tano, anaacha kumi na tano zenye alama za dole gumba. Kwa joto la Dar, palipobonyezwa panalainika na kuanza kutoa maji kabla ya jioni, na nyanya hizo muuzaji atazishusha bei au atazimwaga. Mteja amepata fungu la 1,000 na ameharibu mali inayozidi thamani hiyo, bila kujua. Nyanya ishike kwenye kikonyo, igeuze, iangalie. Inatosha.

Kuna jambo dogo ambalo Watanzania wote tunalijua kwa jina: "na ya kutolea". Mama kijijini anahitaji 50,000 ya mbolea. Mtoto aliye mjini anatuma 50,000 kamili na kuandika "nimetuma". Mama anafika kwa wakala, anaambiwa 50,000 haitoki, kwa sababu ada ya kutoa inakatwa kwenye salio hilohilo na salio halina ziada. Anatoa pungufu, duka la mbolea linataka hela kamili, na pengine amepanda boda kwenda na kurudi. Tangu tozo za miamala zilipoingia Julai 2021 hata watu wenye moyo wamejifunza kuikwepa ada hiyo, na baadhi ya tozo zilipopunguzwa baadaye, tabia ilibaki. Menyu ya simu au bango la wakala linaonyesha makato ya kutoa kwa kila kiwango: yaangalie kwanza, ongeza juu ndipo utume. Kama huna ziada, mwambie mapema, "Mama, nina 48,000 pamoja na ya kutolea, hizo nyingine tutafute." Huko ni kukosa, na kukosa si ubahili.

Sasa bakshishi. Hapa kwetu hakuna kiwango kilichoandikwa, na sioni sababu ya kuiga asilimia kumi za hoteli za watalii kwenye kila sahani ya wali maharage. Kwa mama lishe, bakshishi yako ni kulipa papo hapo na kutomletea noti ya 10,000 saa moja asubuhi kwa chapati mbili na chai. Akikosa chenji atakimbia kwa jirani, sufuria linaungua, na wateja watatu wanaondoka. Mgahawani au baa ni tofauti. Kwenye baa nyingi bili isiyolipwa hukatwa kwa mhudumu mwenyewe, kwa hiyo jambo la kwanza ni kukagua bili kwa utulivu na kulipa kabla ya kuinuka. Baada ya hapo, kwa bili ya 30,000 mimi naona 2,000 hadi 3,000 ni ustaarabu. Kwa soda moja, jero ya chenji inatosha.

Hapohapo kuna kosa ambalo watu wengi wakarimu hulifanya bila kujua. Unalipa kwa lipa namba: bili ni 27,500, wewe unaingiza 30,000 na kumwambia dada, "hiyo inayozidi yako." Pesa yote imeingia kwenye akaunti ya biashara. Itamfikia mhudumu kama tu mwenye duka ni mwaminifu na hesabu za jioni zinafanywa vizuri. Lipa bili kamili kwa namba ya duka, kisha mpe mhudumu noti mkononi, au umtumie kwenye namba yake mwenyewe.

Wanaostahili zaidi, kwa maoni yangu, ni wale ambao jasho lao halimo kwenye bei. Kijana anayeleta mtungi wa gesi wa kilo 15: hizo 15 ni gesi peke yake, ongeza chuma na anabeba kilo 30 hivi hadi ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Kisha anafunga regulata, anapaka povu la sabuni kwenye maungio, anasubiri aone kama kuna mapovu yanayovimba. Mteja amelipa bei ya gesi ileile anayolipa aliye chini. Buku moja hapo si zawadi, ni malipo ya ngazi. Saidia fundi naye yuko hivyohivyo: fundi mkuu amepatana na wewe, kijana anayechanganya zege analipwa atakachokumbukwa.

Ila hela ya soda ina upande wake mchafu na lazima tuuseme. Ikitolewa kwa mtumishi wa umma ili faili lisogee au mgonjwa apite foleni, jina lake ni rushwa, na sheria ya mwaka 2007 inayosimamiwa na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inambana anayetoa na anayepokea. Mtu anayekataa kutoa hiyo asiitwe mkono wa birika. Bakshishi huja baada ya kazi, na haimrukishi mtu foleni.

Nyumba za kupanga zenye mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ndiko ubahili unakojificha vizuri kuliko popote. Vyumba vinne, kila mmoja anachanga sawa, inaonekana haki. Friji dogo hula takriban uniti moja kwa siku, uniti 30 kwa mwezi. Taa ya wati 9 ikiwaka saa sita kila siku haifiki uniti mbili kwa mwezi. Uniti ikiwa kama 350 ukijumlisha kodi, friji ni 10,500 na taa haizidi 600. Anayesema "tuchange sawa tu, tusisumbuane" mara nyingi ndiye mwenye friji. Kupima si kazi: siku moja kubalianeni wengine wote wazime, someni salio la uniti saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri, gawanya tofauti kwa saba, zidisha kwa 24. Mtajua friji linakula nini kwa siku bila fundi wala ugomvi. Jokofu la kuukuu ambalo mpira wa mlango umechanika linaweza kula maradufu, na kubadilisha mpira kunaokoa hela kila mwezi. Huko ndiko kubana matumizi.

Na wenye nyumba wasijifiche. Kodi ya majengo sasa inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Anayedaiwa ni mwenye nyumba, anayekatwa ni mpangaji anayenunua umeme. Ni wajibu wa mwenye nyumba kuirudisha au kuipunguza kwenye kodi ya pango bila kukumbushwa. Wengi wanakaa kimya kwa sababu mpangaji anaogopa kuonekana ana gubu kwa 1,500.

Lakini linaloniuma kuliko yote ni dada wa kazi. Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka kima cha chini cha 60,000 kwa mwezi kwa anayelala kwa mwajiri wake, na 120,000 kwa anayerudi kwake. Amri hizi hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo angalia inayotumika sasa. Gawa 60,000 kwa siku 26 za kazi: 2,300 kwa siku, bei ya sahani moja ya chakula mtaani. Halafu kuna nyumba ambamo kikombe kikivunjika anakatwa, mshahara wa tarehe 30 unatoka tarehe 12, sabuni ya kuogea ajinunulie, na likizo ni neno lisilotajwa, wakati sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Familia isiyomudu dada wa kudumu inaweza kumwita mtu wa kufua mara mbili kwa wiki, ikamlipa vizuri siku hizo, na siku nyingine ikaosha vyombo vyake.

Harusini nako, kadi ya single ni ya mtu mmoja. Kamati imelipia sahani kwa idadi ya kadi, na wawili wakiingia kwa moja kuna mzee atakayekosa chakula saa tano usiku.

Kwa mwenye uwezo, dawa ya vitendo ni kuiweka bakshishi kwenye bajeti kama umeme na maji. Mwanzo wa mwezi badilisha 10,000 ziwe sarafu ishirini za jero, ziweke kwenye kopo karibu na mlango, na mbili ziwe mfukoni kila unapotoka. Kijana wa gesi akigonga hodi, hutakuwa na haja ya kumwambia huna chenji.