Greenberg: asiyependeka anapopendwa

Filamu ya Greenberg (2010), iliyoongozwa na Noah Baumbach, inamfuata Roger, seremala wa miaka 40 hivi aliyetoka hospitali ya magonjwa ya akili si muda mrefu. Anatoka New York kwenda Los Angeles kukaa katika nyumba ya ndugu yake aliyesafiri na familia. Ben Stiller anamcheza bila kutafuta huruma ya mtu. Anaandika barua za malalamiko kwa makampuni, na akiulizwa anafanya nini siku hizi, anajibu kwa majivuno kwamba hafanyi lolote.

Wanaoichukia filamu hii wana haki yao. Zamani Roger aliukataa mkataba wa kurekodi muziki, bendi yao ikafa, na hadi leo haoni kwa nini wenzake bado wana kinyongo. Rafiki yake Ivan anampeleka kula siku yake ya kuzaliwa. Wahudumu wanapokuja kumwimbia, anawaka na kutukana. Florence, kijana anayeisaidia familia ile shughuli za nyumbani, anamsimulia kisa kimoja cha utundu wake, kitu cha kucheka tu, naye anawaka na kuondoka. Kwa nini mtazamaji akae karibu saa mbili na mtu wa namna hii?

Jibu langu ni kwamba Baumbach hamsafishi. Mbwa wa nyumba anaugua, na Roger, asiyeendesha gari katika jiji lisilokwenda bila gari, anahangaika kumfikisha kwa daktari. Florence anapokwenda kutoa mimba, yumo katika safari hiyo. Basi, ni hayo tu. Hapewi nishani, na hiyo naiona kuwa heshima kwa mtazamaji: mtu aliyezoea kujihami hageuki kwa busu moja. Anayempenda anamtisha kuliko anayemchukia, kwa sababu mwenye chuki unaweza kumwandikia barua.

Ila tatizo ni Florence. Filamu inaanza naye, peke yake kwenye usukani, tena kwa muda wa kutosha hadi unaamini kisa ni chake. Greta Gerwig anampa uhai wa ajabu, mpole asiye mjinga. Kisha Roger anafika na kila kitu kinamzunguka yeye. Majeraha yake tunayajua moja baada ya jingine, lakini sababu ya Florence kumpokea kila anaporudi tunaachiwa kubahatisha. Upweke? Sawa, ametoka katika uhusiano mrefu. Lakini upweke haumalizi swali, na mwandishi aliyemchimba Roger kwa kina hivyo alishindwa nini kumchimba na yeye?