Montgomery: ni damu au ni ardhi?

Ukifungua ramani ya Normandy kule kaskazini mwa Ufaransa, mkoa wa Calvados, utaona vijiji viwili vimekaa jirani, Sainte-Foy-de-Montgommery na Saint-Germain-de-Montgommery, nchi ya malisho na ng'ombe wa maziwa. Sasa panda juu mpaka baharini, Calvados hiyo hiyo, unakutana na kijiji cha tatu, Colleville-Montgomery. Mtu atasema haya, si jina moja hilo limesambaa hapo hapo. Kumbe vile viwili vya bara vimebeba jina tangu enzi za kati huko, ila hiki cha pwani kilikuwa kinaitwa Colleville-sur-Orne mpaka 1946, ndo wakakibadilisha kwa heshima ya jenerali wa Uingereza, Bernard Montgomery, aliyekuwa anaongoza majeshi ya nchi kavu yalipotua kwenye fukwe hizo tarehe 6 Juni 1944. Yaani jina limetoka Normandy, likapita Wales, Scotland, Ireland mpaka India, afu likarudi kwao likiwa la Kiingereza na herufi m moja imeshaanguka njiani.

Mi hii kitu imenikalia kichwani muda mrefu kwa sababu inagusa swali ambalo watu wanalibishania sana, jina la ukoo linakwambia nini hasa? Kuna upande unasema jina ni damu, ukiitwa Montgomery basi mahali fulani huko nyuma kuna babu Mnormani. Upande wa pili unasema jina ni ardhi na mamlaka tu, anayetawala anaacha jina, anayetawaliwa analibeba, damu haihusiki. Pande zote mbili zina hoja na sitaki kuubeza wowote.

Tuanze na wa damu. Yupo kweli mtu mmoja ambaye mambo mengi yanaanzia kwake, Roger wa Montgomery, bwana mkubwa wa Normandy na mtu wa karibu wa William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Hilo "wa" hapo ni kama sisi tunavyosema Juma wa Ilala, linasema tu anatokea wapi. Roger akapewa ardhi kubwa, Arundel kusini na Shrewsbury magharibi kwenye mpaka wa Wales, na huko mpakani miaka ya 1070 akajenga ngome ya udongo na mbao akaipa jina la kwao. Sasa hapo jina limeshavuka bahari na aliyelivusha anajulikana, ana watoto wanajulikana, hati zipo, na ile orodha kubwa ya ardhi ya Uingereza ya 1086 inaitaja ngome hiyo kwa jina. Huwezi kuniambia hiyo ni bahati tu.

Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 1102 mtoto wa Roger, Robert wa Bellême, aliasi dhidi ya mfalme Henry wa Kwanza akashindwa, akanyang'anywa kila kitu Uingereza, na ngome ikapewa mtu mwingine kabisa anaitwa Baldwin. Ukoo umeondoka, jina limebaki! Na Wawelsh mpaka leo mji wa hapo kwenye ngome hawauiti Montgomery kwa lugha yao, wanauita Trefaldwyn, maana yake mji wa Baldwin. Kwa hiyo mji mmoja una majina mawili na yote mawili ni ya wageni walioushika, ila kila lugha imechagua mgeni wake. Mwaka 1267 hapo hapo ndo ulipotiwa saini mkataba ambao mfalme wa Uingereza alimtambua Llywelyn ap Gruffudd kuwa Mkuu wa Wales, na kwa Kiingereza ukaitwa Mkataba wa Montgomery wakati ukoo wa Montgomery ulishapoteza mji zaidi ya miaka 160 nyuma.

Na hapa ndo upande wa ardhi unapata nguvu. Wamontgomery wa Scotland, ambao baadaye walikuja kuwa wakubwa wa Eglinton, wanaanzia kwa mtu anaitwa Robert, karne ya 12, aliyekuja na msafara wa Walter, msimamizi wa nyumba ya mfalme wa Scotland, na Walter alitokea Shropshire, jirani kabisa na ile ngome. Wapenzi wa ukoo wanamfanya Robert kuwa mjukuu wa Roger. Inawezekana. Lakini mtu aliyekuwa anaishi tu chini ya ile ngome naye angeitwa Robert wa Montgomery bila kuwa na tone la damu ya Roger, maana jina lilikuwa linamaanisha mahali. Sisi watu wa pwani tuna mjadala wa aina hii hii na jina la Shirazi, ni nani kweli alitoka Shiraz na nani alivaa jina kwa sababu lilikuwa na heshima, kwa hiyo hatuna haja ya kushangaa sana.

Hata huo Ufaransa wenyewe wa jina una walakini. Wataalam wa majina wanalisoma kama kilima cha Gomeric, na Gomeric ni jina la mtu la Kijerumani cha kale, limeletwa na Wafranki. Roger naye kwenye hati moja alijitambulisha kuwa ni Mnormani mtoto wa Wanormani, yaani watu ambao mababu zao waliingia na merikebu kutoka kaskazini. Kwa hiyo neno "mont" ni la Kilatini, "Gomeric" ni la Kijerumani, mwenye kilima ni mtoto wa Waviking, na sisi leo tunaita jina la Kifaransa.

Kuna tukio moja naomba nilisimulie taratibu. Paris, 30 Juni 1559, mtaa wa Saint-Antoine. Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa anasherehekea amani na Hispania pamoja na harusi za binti yake na dada yake, kuna mashindano ya mikuki juu ya farasi, mfalme mwenyewe anashindana. Anataka raundi moja zaidi, na wa kupambana naye ni kijana Gabriel wa Montgomery, kapteni wa walinzi wa Kiskoti wa mfalme. Farasi wanakimbizana, mikuki inagongana, wa Gabriel unavunjika na kibanzi cha mti kinapenya kwenye kofia ya chuma ya mfalme kinaingia jichoni. Akaletwa Ambroise Paré, akaletwa Vesalius, madaktari wakubwa kuliko wote wa Ulaya wakati ule, haikusaidia, tarehe 10 Julai mfalme akafa. Gabriel alikimbia, akaja kuwa kiongozi wa vita upande wa Waprotestanti, akakamatwa Domfront, huko huko Normandy, na mwaka 1574 akakatwa kichwa Paris. Ukoo wake wenyewe ulijinasibu na Wamontgomery wa Scotland! Mnormani kaenda Scotland, Mskoti karudi Ufaransa, na jina likaingia kwenye historia ya Ufaransa kwa mlango wa walinzi wa kigeni. Sasa huyo ni Mfaransa au siyo?

Marekani ndo kabisa. Mji wa Montgomery, Alabama, ulianzishwa 1819 ukapewa jina la jenerali Richard Montgomery, mzaliwa wa Ireland, aliyeuawa Quebec tarehe 31 Desemba 1775 akipigana na Waingereza. Lakini wilaya ambayo mji umo ndani yake, nayo inaitwa Montgomery, jina hilo ni la mtu mwingine, meja Lemuel Montgomery aliyekufa vitani Horseshoe Bend mwaka 1814. Mji na wilaya yake, jina moja, marehemu wawili tofauti. Ukikuta hiyo ndo unaelewa kwa nini huwezi kufuata jina kama unafuata mto.

Mji huo huo Februari 1861 ndipo Jefferson Davis alipoapishwa kuwa rais wa majimbo ya kusini yaliyojitenga kulinda utumwa, na mji huo huo tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks alikataa kusimama kumpisha mzungu kiti kwenye basi, watu weusi wakagomea mabasi siku 381 mpaka wakashinda. Leo ukisema Montgomery, wengi hawamkumbuki jenerali wala kilima cha Normandy, wanamkumbuka Rosa Parks.

Watu wa damu watanijibu kwamba Bernard Montgomery mwenyewe anathibitisha hoja yao, ukoo wake wa Ireland ulijivunia asili ya Kinormani. Sawa, sipingi fahari yake. Babu yake Robert Montgomery alitawala Punjab, na mwaka 1865 mji wa Sahiwal ukaitwa Montgomery kwa ajili yake, ikakaa hivyo karibu miaka 100 mpaka Pakistan ikarudisha jina la Sahiwal miaka ya 1960. Bernard naye alizunguka Afrika mwaka 1947, akapita mpaka Kenya, akaandika ripoti ya siri kwamba Mwafrika hana uwezo wa kujiendeleza mwenyewe. Hiyo nayo ni sehemu ya safari ya jina, na inaniuma kila nikiisoma, kwa sababu wakati anaandika tayari kulikuwa na Montgomery aliyekwisha kumjibu.

Anaitwa Benjamin Montgomery. Alizaliwa Virginia mwaka 1819, mtumwa, mweusi, akauzwa kusini akanunuliwa na Joseph Davis, kaka yake Jefferson Davis, kule Mississippi. Akajisomea kwenye maktaba ya bwana wake, akaendesha duka, akabuni pangaboi ya meli za mvuke kwa ajili ya maji ya kina kifupi, wakamnyima hataza kwa sababu mtumwa si raia. Vita vikaisha, na mwaka 1866, Jefferson Davis akiwa gerezani, Joseph akamuuzia Ben mashamba ya familia kwa dola 300,000. Deni lilimlemea na baadaye mashamba yakarudi kwa akina Davis, lakini mtoto wake Isaiah Montgomery mwaka 1887 akaanzisha pamoja na binamu yake mji wa watu weusi, Mound Bayou, na mji upo mpaka leo. Isaiah naye ana doa lake, kwenye mkutano wa katiba wa Mississippi mwaka 1890 alikuwa mjumbe mweusi peke yake na akapigia kura katiba iliyowanyang'anya weusi wenzake haki ya kupiga kura, kwa hiyo simfanyi malaika.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba hoja ya damu inafika mpaka 1102 kwa uhakika, baada ya hapo inahitaji hati kila hatua, na mara nyingi hati haipo. Hoja ya ardhi inaeleza zaidi, ila nayo inakosea ikisema jina ni tupu, kwa sababu Ben hakuzaliwa kwenye kilima wala ngome na bado alilifanyia jina hilo kazi kubwa kuliko Robert wa Bellême aliyelirithi akapoteza kila kitu.

Na kuna moja sijaisema. Tarehe 17 Julai 1944, gari la Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyepigwa na Bernard Montgomery kule El Alamein mwaka 1942, lilishambuliwa na ndege barabarani Normandy, akaumia vibaya kichwani na vita kwake vikaishia hapo. Ilikuwa karibu na Sainte-Foy-de-Montgommery.