Joan Sutherland alipewa muda

Akitajwa mwimbaji wa opera Joan Sutherland, watu husifu koo alilojaliwa. Kujaliwa alijaliwa, lakini mimi naona deni kubwa liko kwa ile miaka saba pale Covent Garden, jumba la opera la London, ambayo wasimulizi huivuka mbio.

Alizaliwa Sydney, Australia, mwaka 1926, akafanya kazi ya ukatibu kabla ya kuhamia London mwaka 1951. Covent Garden walimchukua 1952, tena kwa sehemu ndogondogo. Novemba mwaka huo Maria Callas, mwimbaji mashuhuri wa opera, alikuja kuimba Norma, opera ya Bellini. Sutherland akawa Clotilde, msaidizi mwenye mistari ya kuhesabika. Hakuna aliyemsukuma mbele. Alipata mshahara, alifanya mazoezi, na jioni kwa jioni alimsikia Callas akiwa hatua chache tu kutoka kwake. Shule gani ingempa hayo?

Mumewe, mpiga piano Richard Bonynge, ndiye aliyeing'amua sauti. Sutherland mwenyewe alijiona mwimbaji wa Wagner, mtunzi wa Kijerumani ambaye opera zake hudai sauti nzito. Bonynge alisikia koloratura, ule uimbaji wa noti za juu zinazokimbizana bila kukwaruzana. Basi wakifanya mazoezi alikuwa akimpandishia ufunguo pole pole bila kumwambia, naye anafika juu kuliko alivyodhani anaweza.

Tarehe 17 Februari 1959, akiwa na miaka 32, akaimba sehemu kuu katika Lucia di Lammermoor, opera ya Donizetti. Lucia amemuua bwana harusi usiku wa ndoa, anatokea akiwa amerukwa na akili, gauni lina damu. Filimbi inacheza kifungu, sauti inakijibu. Halafu vinapanda pamoja hadi usijue pumzi ni ya nani. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: noti haisukumwi, inafunguka tu, pana na ya duara, huko juu ambako wengi hubaki na uzi mwembamba. Mwaka uliofuata, baada ya Alcina, opera ya Handel, Venice wakampa jina La Stupenda, yaani wa kustaajabisha.

Wanaolalamikia matamshi yake wana haki. Katika rekodi nyingi za miaka ya 60 maneno yanamezwa, na opera ni tamthilia pia. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba aliimba bila hisia. Huzuni yake imo ndani ya mstari wa muziki wenyewe.

Siku hizi soprano (mwanamke mwenye sauti ya juu) kijana akigusa noti moja ya juu, mikataba inamiminika kabla misuli haijakomaa. Hilo linanikera sana. Sutherland, aliyepewa muda, aliagana na opera kamili jijini Sydney, Oktoba 1990, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 64.