Mashine ikimtaja mtu, nani anamhakiki?

Januari 2020, baba mmoja wa Farmington Hills, jimbo la Michigan nchini Marekani, alitiwa pingu mbele ya nyumba yake huku mkewe na binti zao wawili wadogo wakitazama. Alikaa mahabusu takriban saa 30. Alishukiwa kuiba saa za mkononi zenye thamani ya dola 3,800 katika duka moja la Detroit, mwaka 2018. Wapelelezi walimwekea mezani picha ya mwizi iliyotolewa kwenye kamera ya duka. Akaichukua, akaiweka kando ya uso wake, akawauliza kama wanadhani watu weusi wote wanafanana.

Aliyemtaja ni kompyuta yenye programu ya kutambua sura, baada ya kulinganisha picha ile hafifu na leseni yake ya zamani ya udereva. Kesi ilifutwa.

Polisi wanaoitetea programu hii wana hoja, na si ya kupuuzwa. Juni 2018, mtu aliyeua watu watano katika ofisi ya gazeti huko Annapolis, jimbo la Maryland, alikataa kutaja jina lake, na majibu ya alama za vidole yakachelewa. Programu ya kutambua sura ndiyo iliyompata. Sidhani kuna aliyelalamika siku hiyo. Tena, wanasema, macho ya shahidi yamekuwa yakikosea tangu mahakama zianze, na akili mnemba inatoa fununu tu. Anayeamua ni binadamu.

Kwenye hilo la "fununu tu" ndipo ninapokwama.

Juni 2020, James Craig, wakati huo mkuu wa polisi wa Detroit, alisema hadharani kwamba programu hiyo ikitumiwa peke yake ingekosea kama asilimia 96 ya mara zote. Hayo yalikuwa makadirio yake, si matokeo ya utafiti, na aliyatoa akiitetea teknolojia yenyewe: ndiyo maana, alimaanisha, binadamu lazima awepo. Haya, tuichukue namba yake kama alivyoitoa. Kati ya watu 100 wanaotajwa, wanne tu ndio wenyewe. Wale 96 wengine hawakuokotwa barabarani. Wamechujwa kutoka mamilioni ya picha kwa sababu moja, kwamba wanafanana na mwizi. Sasa chukua picha ya mmoja wao, ichanganye na tano za watu wengine, umpe shahidi. Atamchagua nani kama si huyo anayefanana? Jalada litaandikwa kwamba mashine na shahidi wamekubaliana, kumbe shahidi amerudia tu jibu la mashine. Na katika kesi ya zile saa, aliyeonyeshwa picha sita hata hakuwapo dukani siku ya wizi. Alikuwa mtu wa kampuni ya ulinzi aliyeitazama video ileile.

Rangi nayo imo. Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliripoti kwamba programu nyingi zilimdhania mtu kuwa mwingine mara 10 hadi 100 zaidi kwa sura zenye asili ya Afrika na Asia ya Mashariki kuliko kwa sura za Wazungu.

Wanaosema kanuni zitawafunga polisi mikono husahau kwamba Detroit ilikuwa na kanuni tangu 2019: programu itumike kwa makosa makubwa tu, kama ya ukatili. Bado, Februari 2023, mama mwenye mimba ya miezi minane alikamatwa huko huko kwa tuhuma za kupora gari, baada ya kutajwa na programu hiyo. Kanuni ile iligusa aina ya kosa, haikugusa njia inayotoka kwenye kompyuta hadi kwa shahidi. Mashtaka dhidi yake pia yalifutwa.

Njia hiyo ilizibwa Juni 2024, polisi walipoimaliza nje ya mahakama, kwa dola 300,000, kesi ya madai ambayo yule baba wa saa aliwafungulia. Programu haikupigwa marufuku. Lakini hakuna tena kumkamata mtu kwa jibu la kompyuta pekee, wala kumpeleka kwenye gwaride la picha, yaani shahidi kuonyeshwa picha yake pamoja na za wengine, bila ushahidi mwingine unaomhusisha na kosa. Ndiyo, kuna wezi watakaoponyoka, na mwenye duka ana haki ya kununa. Polisi walikubali pia kupekua upya kesi zote tangu 2017 ambazo hati ya kukamata ilipatikana kwa kutumia programu hiyo, na kumjulisha mwendesha mashtaka pale watakapokuta mtu alikamatwa bila ushahidi mwingine wowote.