Kifaa Kinachojua Kurudi

Anayeniomba ushauri kuhusu kifaa cha kuongozea njia porini huwa ameshachagua skrini. Anachotaka kwangu ni baraka tu: inchi nane au kumi? Mimi humuuliza swali jingine. Ukifika njia inapokatika, na nyayo za matairi yako zimeshafutika nyuma, utarudije?

Swali hilo nilifundishwa na simu yangu. Nilikuwa nimeibandika kwenye kioo cha mbele, ramani nimepakua, chaji ipo ya kutosha, nikajiona nimejipanga. Mchana jua likaipiga hadi ikaleta onyo la joto, kisha ikajizima. Tulikuwa katikati ya mchanga ambao upepo ulishaufagia, kila upande unafanana na mwenzake. Aliyetuokoa ni mwenzangu mmoja mwenye kifaa cha mkononi cha vitufe, kiskrini chake kidogo kama cha simu za zamani, kinachotumia betri mbili za AA. Asubuhi tulikuwa tumemcheka. Kumbe kile kidude kilikuwa kimerekodi kila kona tuliyokata, na tukaufuata mstari wake kinyumenyume mpaka barabarani. Wahenga walisema kupotea njia ndiyo kujua njia, lakini nadhani wao walipotea kwa miguu, si kwa gari lililobakiwa na robo tangi.

Sisemi simu haifai. Wengi huikataa kwa sababu isiyo ya kweli, kwamba bila mtandao GPS haifanyi kazi. Setilaiti za GPS, zilizo kama kilomita 20,000 juu yetu, hutuma mawimbi tu. Simu huyapokea na kupiga hesabu, na ikizipata nne inajua ilipo. Mtandao huisaidia kujipata upesi inapowashwa na kuiletea picha ya ramani, basi. Programu kama OsmAnd na Organic Maps hukuruhusu kupakua ramani nzima mapema. Ukishapakua, zima intaneti ungali nyumbani uone kama ramani bado inafunguka, maana porini si mahali pa kugundua kwamba ulipakua eneo la jirani. Udhaifu wa simu uko kwingine: joto huizima, baridi kali hunyonya betri yake, mvua huichanganya skrini ya kugusa, na simu hiyohiyo ndiyo kamera, tochi na redio ya safari.

Zile skrini kubwa za dashibodi ndizo zinazonitia shaka zaidi. Njia ya mwongo ni fupi, na kifaa kilichotengenezewa barabara za lami hupenda ufupi kuliko kitu chochote. Hakijui kwamba daraja lilisombwa au kwamba ile “barabara” ni mkondo wa maji uliokauka. Kule Death Valley, California, walinzi wa hifadhi wamewaona wasafiri wengi walioitii sauti ya kifaa hadi kwenye njia zilizokufa, wengine wakafia huko, na walinzi hao wakafikia kuviita vifo vya namna hiyo “vifo vya GPS”. Kama lazima ununue skrini kubwa, hakikisha ina ramani zenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko na mabonde, inapokea faili za GPX, yaani njia zilizorekodiwa ambazo watu hupeana, na inarekodi mwendo wako yenyewe bila kukumbushwa. Halafu angalia inakula umeme wa nani. Inayotegemea betri ya gari peke yake itabaki na gari siku utakayolazimika kutembea.

Wauzaji watakuimbia majina ya mifumo ya setilaiti: GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya, BeiDou ya China. Ni kweli, kwenye makorongo ambako mbingu inaonekana kama utepe, setilaiti nyingi ni msaada mkubwa. Lakini hadi Mei 2000 Marekani iliyatia ukungu kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, kosa likifika hata mita 100, na watu walivuka majangwa wakiwa na vifaa hivyo kwa sababu walijua kusoma ramani. Tofauti ya mita tatu na mita tano si hoja ya kukutoa fedha.

Hoja ya kukutoa fedha ni kuomba msaada. Kifaa cha kawaida cha GPS hupokea tu; hakiwezi kumwambia mtu yeyote ulipo. Kifaa kama Garmin inReach hutuma ujumbe kupitia setilaiti za Iridium, ila ina ada ya huduma. Vipo pia visambaza-ishara vya dharura vya masafa ya 406 MHz, ambavyo havina ada ya mwezi na vina kazi moja tu, kuita waokoaji. Anayesafiri peke yake aanze na kimojawapo cha hivi kabla ya kitu kingine. Mnaokwenda magari mawili au matatu, anzeni na kidude cha vitufe. Ramani ya karatasi na dira sizihesabu kama chaguo. Hizo hupanda garini pamoja na jeki.

Na kabla ya kuondoka, kubalianeni mnasomaje majira-nukta, yaani namba za latitudo na longitudo zinazotaja mahali ulipo. Digrii 30.50 ni digrii 30 na dakika 30, si dakika 50. Kwenye latitudo, kosa hilo la dakika 20 linampeleka mwokoaji kama kilomita 37 mbali nawe, akiwa na kifaa kizima na nia njema.

Yule mwenzangu bado anacho kidude chake. Nimemwomba aniuzie mara mbili, amekataa, na mara ya pili alicheka yeye.