Mafuta ya Nazi Hayatoshi Kumkinga Mwenye Ualbino na Jua

Ushauri wa kupaka mafuta ya nazi, alovera au chai ya kijani ili kukinga ngozi dhidi ya jua umeenea sana, nao una mizizi ya kweli. Akina mama wa pwani yetu wamepaka liwa, unga wa mti wenye harufu nzuri, usoni kwa vizazi vingi, na huko Msumbiji wanawake wa Kimakua hujipaka musiro, uji mweupe wa mti unaosuguliwa juu ya jiwe kwa maji.

Wanaotetea mimea wana hoja ya kisayansi pia. Mionzi ya urujuanimno ya jua ikipenya ngozini huzalisha chembe haribifu zinazoshambulia seli na vinasaba vyake, na kemikali zilizomo kwenye chai ya kijani, sawa na vitamini C na E, zina uwezo wa kuzituliza chembe hizo. Hilo silipingi. Hata hivyo, kupunguza madhara ya mionzi iliyokwisha kuingia si sawa na kuizuia isiingie.

Tuchukue mafuta ya nazi. Watafiti wa India waliyapima mwaka 2010 wakapata SPF, yaani kipimo cha uwezo wa kukinga ngozi na jua, ya 7 hivi, na tarakimu hiyo hunukuliwa kila mahali bila kutajwa kwamba mafuta yaliyeyushwa kwenye spiriti na kupimwa kwa mashine, wala hayakupakwa kwenye ngozi ya mtu anayetoka jasho shambani. Hata tukiikubali, bado iko mbali na SPF 30, ambayo huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, ile sehemu ya urujuanimno inayounguza ngozi. Ndimu, ambayo wengine huichanganya humo, ni hatari kabisa, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua yanaweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Mwenye melanini nyingi, yaani rangi asilia inayoikinga ngozi, huenda asilipie sana kosa la kutegemea mafuta hayo. Mwenye ualbino, ambaye ana melanini kidogo au hana kabisa, hulilipia kwa saratani ya ngozi, mara nyingi angali kijana, na ndiyo maana siwezi kuliona jambo hili kuwa suala la urembo.

Hoja nzito zaidi ya upande wa mimea, kwa maoni yangu, ni bei: losheni ya kukinga jua inayotoka nje ni ghali, ilhali nazi ipo jikoni. Lakini katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kulianzishwa utengenezaji wa losheni ya kukinga jua ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, kwa hiyo ugumu wa bei unaweza kutatuliwa hapa hapa nchini, bila kumwachia mzazi achague kati ya nazi na mikono mitupu.