Nyimbo za upande wa pili: U2, The Joshua Tree na lawama ya kuishi kwa jana

Bendi kongwe ya roki ikitangaza kwamba itapanda jukwaani na kupiga albamu yake ya zamani yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, lawama hufika kabla tiketi hazijaanza kuuzwa. Wameishiwa. Wanauza kumbukumbu. Wanajua mashabiki wao sasa wana mvi na mishahara, basi wanawakamua. Maneno hayo yamewapata Yes, bendi ya Uingereza, yamempata Mmarekani Bruce Springsteen, na yamewapata sana U2 wa Ireland, waliozunguka na albamu yao The Joshua Tree mwaka 2017 kisha wakarudia tena 2019. Sehemu ya lawama ni kweli, na nitaifikia. Ila naona wengi wanaolaumu wamesoma bango la tamasha tu, hawakusikiliza kilichopigwa. Kwa U2, habari yote iko katika kilichopigwa.

Uchukue wimbo mmoja, "Red Hill Mining Town". Ndio unaofungua upande wa pili wa santuri ya The Joshua Tree, iliyotoka Machi 1987. Unahusu ndoa inayoyumba katika mji wa wachimba makaa ya mawe, wakati wa mgomo mkubwa wa Uingereza wa 1984 na 1985. Ulikusudiwa utoke kama singo ya pili ya albamu, na video yake ilikwisha kupigwa chini ya mwongozaji Neil Jordan. Kisha ukawekwa kando. Bono, mwimbaji wa bendi, alikuwa ameurekodi kwa sauti ya juu mno, sauti ambayo mtu huipata mara moja studio lakini hawezi kuahidi kuirudia kila usiku kwa miezi. Ziara ya 1987 ikapita bila wimbo huo. Ikapita Lovetown, ikapita Zoo TV, PopMart, Elevation, Vertigo, ikapita 360° ambayo wakati wake ndiyo ilikuwa ziara iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani, ikapita na ile ya 2015. Wimbo ulipigwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tarehe 12 Mei 2017, Vancouver, Kanada. Ulikuwa na umri wa miaka 30.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi na bado inanishangaza. Huu si wimbo uliosahaulika kwenye kanda za majaribio. Ni wimbo wa sita katika albamu iliyoshinda Grammy ya albamu bora ya mwaka, albamu iliyouza nakala zaidi ya milioni 20, na kwa hiyo ulikuwa majumbani mwa watu, ukisikilizwa jikoni na garini, wakati waliouandika hawajawahi kuuimba mbele ya mtu yeyote aliyelipa kiingilio. Kizazi kizima cha mashabiki kilizaliwa, kikakua, kikaoa na kuolewa, nao haujapanda jukwaani.

Ungepandaje? Katika tamasha la kawaida nyimbo hugombania nafasi. Bendi yenye miaka 40 ina vibao ambavyo visipopigwa watu watadai fedha zao: "One", "With or Without You", "Pride". Ongeza nyimbo mpya ambazo bendi inazitetea kwa wivu. Muda uliobaki hautoshi wimbo mgumu kuimba ambao hakuna anayeupigia kelele. Usiku mmoja unaachwa kwa sababu koo linauma, usiku wa pili kwa sababu uwanja ni mkubwa, na mwishowe kuuacha kunakuwa mazoea. Ahadi ya kupiga albamu yote ndiyo iliyofunga mlango wa kutorokea. Ukisema utapiga nyimbo 11, ya sita imo. Ikawabidi wakae chini na kuupanga upya, wakauvika tarumbeta, na kwenye skrini nyuma yao ikaonekana bendi ya matarumbeta ya Jeshi la Wokovu ikipiga nao. Jambo ambalo wengi wanaliita uvivu ndilo lililowalazimisha kufanya kazi waliyoikwepa kwa miongo mitatu.

"Exit" nao una kisa chake, kizito zaidi. Mwaka 1989 mwigizaji Rebecca Schaeffer aliuawa mlangoni kwake Los Angeles, na wimbo huo ukatajwa katika kesi ya muuaji. U2 wakaacha kuupiga kuanzia mwaka huohuo. Kuutoa tena mwaka 2017 halikuwa jambo la kustarehesha wazee. Kabla haujaanza, skrini ilionyesha kipande cha Trackdown, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya 1958, ambamo tapeli mmoja anawatisha watu wa mji kwamba dunia inakwisha na kuwaambia ni yeye tu awezaye kuwajengea ukuta wa kuwaokoa. Tapeli huyo kwenye tamthilia anaitwa Trump. Aliyetunga mchezo huo hakuwa nabii, na U2 hawakuubuni. Waliuokota tu na kuuweka mbele ya wimbo wa kutisha kuliko yote waliyonayo, miezi michache baada ya kuapishwa kwa rais mpya. Anayesema hayo ni kuikimbilia jana, namwomba aniambie kuikabili leo kungekuwaje.

Wapo ambao kwao jukwaa halikurudia albamu hata kidogo, liliikamilisha. Brian Wilson wa Beach Boys aliiacha albamu ya Smile mwaka 1967 ikiwa vipandevipande, na watu waliisikia nzima kwa mara ya kwanza London, Februari 2004, yeye akiwa mzee wa miaka 61. Pink Floyd walipiga albamu yao The Wall mwaka 1980 na 1981 katika miji minne tu, kwa kuwa mitambo ya kujenga na kubomoa ukuta jukwaani ilikuwa ghali mno kuihamisha. Roger Waters, aliyekuwa mwanabendi wao, alipozunguka nayo kuanzia 2010 hadi 2013, kwa idadi kubwa ya mashabiki hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yao ya kwanza.

Hoja ya pili ya walaumu ni kwamba kufuata orodha ya albamu ni njia rahisi, kwa kuwa kazi ya kupanga tamasha imeshafanyika. Hapa naona hawajawahi kuitazama orodha yenyewe. The Joshua Tree inaanza na "Where the Streets Have No Name", inafuata "I Still Haven't Found What I'm Looking For", kisha "With or Without You". Nyimbo tatu kubwa kuliko zote, mfululizo, ndani ya dakika 15 hivi. Mpangaji yeyote wa tamasha angeziweka mwishoni, watu waondoke wakiimba hadi kituo cha basi. U2 wakazipiga zote mapema, kisha mbele ya uwanja wa watu 50,000 wakabaki na nyimbo nane zinazozidi kuwa za giza, hadi "Mothers of the Disappeared", maombolezo ya akina mama wa Amerika ya Kusini na ya Kati ambao watoto wao walichukuliwa na askari wasirudi.

Tena mpangilio huo haukushuka kutoka mbinguni. Aliyeupanga ni mwimbaji Kirsty MacColl, ambaye wakati ule alikuwa mke wa mtayarishaji Steve Lillywhite. Bendi ilimwambia wimbo gani uwe wa kwanza na upi uwe wa mwisho. Katikati akazipanga kadiri alivyozipenda. Uliwafaa wasikilizaji wa santuri, ambao baada ya wimbo wa tano wanainuka, wanaigeuza na kukaa tena. Uwanjani hakuna wa kugeuza chochote. Ndiyo maana ilibidi watangulize nyimbo za mwanzo kama "Sunday Bloody Sunday" kwenye jukwaa dogo katikati ya watu, bila picha wala mbwembwe, kisha skrini yenye upana wa mita 60 hivi iwake kwa filamu za mpiga picha Anton Corbijn albamu inapoanza. Na walipohamia Sphere, ukumbi wa Las Vegas, kuanzia Septemba 2023, kuipiga albamu yao Achtung Baby, waligusa mpangilio wenyewe: walibadilisha nafasi za nyimbo na kuikata albamu katikati kwa kipindi cha nyimbo nyingine. Kumbe njia rahisi ilihitaji kufikiriwa upya.

Sasa upande wa pili, maana upo na una nguvu. Kwanza fedha. Kwa hesabu za jarida la Pollstar, ziara ya 2017 iliingiza dola milioni 316, na hakuna ziara nyingine iliyoifikia mwaka ule. Kumbukumbu zinalipa, na anayejua zinalipa hana haraka ya kutunga. Hata ramani ya ziara inasema kitu. Maneno ya "Where the Streets Have No Name" Bono alianza kuyaandika Ethiopia, alikokwenda na mkewe mwaka 1985 kujitolea katika kambi ya waathirika wa njaa. Ziara ikagusa Amerika zote mbili na Ulaya, ikaenda Australia, Japani, Korea ya Kusini, Ufilipino, ikamalizikia Mumbai Desemba 2019. Afrika haikupata onyesho hata moja. Mashabiki wa Addis Ababa na Nairobi waliitazama kwenye simu, kama kawaida.

Pili, albamu nzima huua mshangao. Anayekwenda anajua wimbo unaofuata, na bendi nayo inajua, usiku baada ya usiku. Hapa Springsteen ndiye shahidi mzuri wa walaumu. Mwaka 2016 alizunguka Marekani akipiga The River yote, nyimbo 20 za albamu maradufu ya 1980. Walipovuka kwenda Ulaya, sehemu kubwa ya ziara aliiacha na kurudi kwenye desturi yake ya kubadilisha nyimbo kila usiku, hata kupokea maombi yaliyoandikwa kwenye mabango. Mtu wa aina ile, ukimpa orodha isiyobadilika umemfunga miguu. Hilo nalikubali bila ubishi. U2, ambao maonyesho yao hutegemea picha zilizopangwa kwa sekunde, si bendi ya aina hiyo.

Tatu, na hapa ndipo pananitatiza zaidi, ni nani anapiga. Yes walipoadhimisha miaka 50 ya albamu yao Close to the Edge mwaka 2022, mpiga gitaa Steve Howe ndiye pekee jukwaani aliyekuwamo kwenye rekodi ya 1972. Chris Squire, mpiga besi wao, alifariki mwaka 2015. Alan White, mpiga dramu wao tangu 1972, alifariki Mei 2022, ziara ikiwa imekaribia. Jon Anderson, sauti ya rekodi ile, yu hai na anaziimba nyimbo zilezile na bendi nyingine kabisa. Wapenzi wa Msondo Ngoma, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, wataniambia bendi ni mtindo na waanzilishi hupita, na kwa muziki wa dansi nawaunga mkono, kwa sababu bendi ile iliendelea kutoa nyimbo mpya mikononi mwa waliorithi. Albamu ni jambo jingine. Ukiahidi rekodi fulani yote, umeahidi pia mikono iliyoipiga. U2 wenyewe hawakupona: Sphere waliingia bila mpiga dramu wao Larry Mullen, aliyekuwa akijitibu, na Bram van den Berg akakaa kwenye dramu. Alipiga vizuri. Lakini bendi nzima ilizaliwa mwaka 1976 kwa tangazo ambalo Mullen alilibandika ubaoni shuleni kwao Dublin, na walionunua tiketi walikuwa na haki ya kuliona pengo.

Anayetaka bendi kongwe ipige mpya tu aikumbuke pia Septemba 2014. U2 walikuwa na albamu mpya, Songs of Innocence, na Apple ikaiweka bure katika akaunti za iTunes milioni 500 bila kuuliza mtu. Makelele yaliyofuata yaliilazimisha Apple kufungua ukurasa maalumu wa kuifuta, na Bono akaomba radhi. Nyimbo zenyewe hazikuwa mbaya. Kadhaa zinastahili kusikilizwa tena. Ila hakuna muziki unaopenya kwa msikilizaji aliyeingiliwa. Miaka mitatu baadaye watu zaidi ya milioni mbili walilipa kwa hiari, na ndani ya malipo hayo wakasimama kimya kusikiliza wimbo wa wachimba makaa ambao bendi haikuwahi kuuthubutu.

Ingekuwa ziara ile ilikuwa kilevi, tungewaona wakirudi kwenye chupa mara tu ilipokwisha. Walichofanya ni kutoa Songs of Experience Desemba 2017 na kuanza ziara nyingine Tulsa, Oklahoma, tarehe 2 Mei 2018. Kutoka The Joshua Tree hawakupiga wimbo hata mmoja usiku ule, hata "With or Without You". Badala yake, kwa mara ya kwanza maishani mwao, wakapiga "Acrobat", wimbo uliokuwa umekaa karibu na mwisho wa Achtung Baby tangu 1991 ukisubiri.